Dame, Lady au Chevalier? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Majina ya Nishani za Heshima kwa Wanawake

Maswali yamepewa namba. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, utaelekezwa kwenye namba yake.

## Mambo ya msingi

1. "Dame" ni nini hasa?

Ni lakabu ya heshima inayotangulia jina la mwanamke aliyeingizwa kwenye daraja la kwanza au la pili la baadhi ya nishani za Uingereza na New Zealand. Mwanamume wa daraja hilohilo huitwa Sir. Neno lina silabi moja tu, "deim". Ukisema "da-me" umekosea. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini *domina*, yaani bibi mwenye nyumba yake.

Tahadhari moja kwa wanaoandika Kiswahili: mitaani Nairobi "dame" ni msichana au mpenzi, kama vile "demu" wa Dar es Salaam. Ukiandika "Dame Jane" bila maelezo, nusu ya wasomaji watacheka kabla ya kufika mwisho wa sentensi. Tazama namba 16 kwa namna ya kulikwepa hilo.

2. Nishani, medali, tuzo na lakabu: si ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Kwa Kiswahili, nishani ni lile pambo linalobandikwa kifuani. Katika Ulaya, kile tunachokiita nishani kilianza kama jumuiya ya watu, mfano wa shirika la watawa: ina mkuu wake, kanuni zake, madaraja, mara nyingine idadi maalumu ya wanachama na hata kanisa lake. Jumuiya ya Garter ya Uingereza (garter ni ukanda wa kufunga mguuni) ina kanisa la Mt. George huko Windsor. Ile ya Dola ya Uingereza ina kanisa dogo ndani ya St Paul's, London. Pambo ni alama tu ya kwamba umeingizwa.

Medali haina wanachama. Unapewa, unaondoka nayo. Tuzo ni neno pana linaloweza kuwa kikombe, fedha au cheti. Lakabu ni lile neno linalokaa mbele ya jina, na nishani nyingi hazina lakabu kabisa. Kwa hiyo "amepewa nishani" na "sasa anaitwa Dame" ni habari mbili tofauti.

3. Neno la kike la "knight" ni lipi?

Knight ni mwanamume mwenye cheo kama cha Sir. Neno la kike hakuna moja. Uingereza hutumia Dame, isipokuwa kwenye nishani mbili zinazotumia Lady (namba 7). Hispania husema *dama* mkabala na *caballero*. Ufaransa humwita mwanamke *chevalier*, neno lilelile la kiume. Uholanzi na Denmark humwita *ridder*, bila kujali jinsia.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba vyeo hivi vilikuwa vya askari. *Chevalier* na *caballero* yote yametokana na farasi, na *ridder* ni mpanda farasi. Kiarabu nacho kina *faris*, neno lililofika kwetu likawa "farisi", bingwa wa jambo, farasi mwenyewe akaachwa njiani. "Knight" la Kiingereza lilianza vibaya zaidi: *cniht* alikuwa kijana mtumishi. Kwa mwanamke hapakuwa na farasi, basi yakachukuliwa majina ya nyumbani. Dame ni bibi wa nyumba. Lady, kwa Kiingereza cha kale *hlæfdige*, ni mkandaji wa unga wa mkate. Wanaume walipewa majina ya vita, wanawake wakapewa majina ya jikoni, na mpaka leo lugha za itifaki zinahangaika kuyalinganisha.

## Historia kwa ufupi

4. Je, zamani wanawake hawakuruhusiwa kabisa?

Waliruhusiwa, kisha wakafungiwa mlango, kisha wakafunguliwa. Garter ilianzishwa na Mfalme Edward III mwaka 1348, na ndani ya karne hiyohiyo mabibi wa jamaa ya kifalme walikuwa wakipewa mavazi ya jumuiya hiyo. Wa mwisho katika zama zile alikuwa Margaret Beaufort, mama yake Henry VII, mwaka 1488. Baada yake palipita zaidi ya miaka 400 hadi Edward VII alipomwingiza mkewe, Alexandra, mwaka 1901.

Katikati ya ukimya huo, nchi nyingine ziliunda nishani za wanawake peke yao. Eleonora Gonzaga, mjane wa Kaisari Ferdinand III, aliasisi Nishani ya Msalaba wa Nyota huko Vienna mwaka 1668, baada ya masalia ya msalaba kunusurika katika moto ulioteketeza sehemu ya jumba la Hofburg. Peter Mkuu wa Urusi aliasisi Nishani ya Mt. Catherine mwaka 1714 kwa heshima ya mkewe. Hispania ikafuata mwaka 1792 na Nishani ya Malkia María Luisa, Prussia mwaka 1814 na Nishani ya Luise. Sultani Abdul Hamid II wa Uturuki alianzisha *Şefkat Nişanı*, Nishani ya Huruma, mwaka 1878. Neno *nişan* hapo ni ndugu wa "nishani" yetu.

Mwaka huohuo wa 1878 Malkia Victoria alianzisha Nishani ya Taji la India kwa wanawake tu. Wenye nayo waliandika herufi CI baada ya jina, ila hawakuitwa Dame.

5. Kwa nini mwaka 1917 hutajwa sana?

Kwa sababu tarehe 4 Juni 1917 Mfalme George V alianzisha Nishani ya Dola ya Uingereza, ya kwanza nchini humo kupokea wanaume na wanawake kwa madaraja yaleyale tangu siku ya kwanza. Vita vilikuwa vimewajaza wanawake viwandani na hospitalini, na hapakuwa na nishani ya kuwapa. Kabla ya hapo, "Dame" katika nyaraka za kisheria lilikuwa jina la mke wa mwenye cheo cha Sir. Kuanzia 1917 mwanamke aliweza kulipata kwa kazi yake mwenyewe. Mwaka 1936 Malkia Mary akawa Mkuu wa jumuiya hiyo hadi alipofariki mwaka 1953.

## Mfumo wa Uingereza

6. Ni nishani zipi zinampa mwanamke lakabu ya Dame?

Anza na ile ya Dola ya Uingereza, ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Ina madaraja matano. La juu ni Dame Grand Cross, herufi GBE. La pili ni Dame Commander, herufi DBE. Yanayofuata ni CBE, OBE na MBE. Mawili ya juu tu ndiyo yenye lakabu. Mwenye CBE, OBE au MBE hubaki Bi. au Dkt. au chochote alichokuwa nacho, na herufi zake hukaa mwishoni mwa jina. Kumwita mwenye OBE "Dame" ni kosa la kawaida sana magazetini.

Nyingine ni Nishani ya Kifalme ya Victoria, iliyofungua mlango kwa wanawake mwaka 1936 (DCVO), ya Mt. Mikaeli na Mt. George, mwaka 1965 (DCMG), na ya Bath, mwaka 1971 (DCB). Jumuiya ya Bath ilipangwa rasmi mwaka 1725, kwa hiyo wanawake waliingoja kwa karibu miaka 250.

Njia rahisi ya kusoma herufi: daraja la pili hutofautisha jinsia, K kwa mwanamume na D kwa mwanamke, kwa mfano KBE na DBE. Daraja la kwanza halitofautishi. GBE, GCB, GCMG na GCVO huandikwa sawa kwa wote, hivyo ukiona GBE peke yake huwezi kujua kama ni Sir au Dame mpaka usome jina.

7. Kwa nini mwanamke wa Garter huitwa Lady na si Dame?

Kwa sababu jina la zamani lilikuwa Lady of the Garter, na Malkia Elizabeth II alipofungua nafasi kamili mwaka 1987 aliliendeleza. Herufi ni LG, mkabala na KG ya wanaume. Wa kwanza nje ya jamaa ya kifalme chini ya kanuni hiyo alikuwa Lavinia, mjane wa Duke wa Norfolk, mwaka 1990. Margaret Thatcher aliingizwa mwaka 1995. Nishani ya Thistle ya Scotland ilibadilishwa mwaka huohuo wa 1987, na herufi zake ni LT.

Jambo la kuangaliwa kwa macho: mwanamume wa Garter hufunga ule ukanda wa buluu chini ya goti la kushoto, ila mwanamke huufunga kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Ukiona picha ya zamani ya malkia mwenye utepe wa buluu wenye maandishi mkononi, huo ndio Garter wenyewe.

8. Kuna mwanamke wa Knight Bachelor?

Hakuna. Knight Bachelor ni cheo cha Sir kisicho na jumuiya yoyote, na hakikuwekewa upande wa kike. Mwanamke ambaye angestahili heshima ya kiwango hicho hupewa DBE. Mfano ulio wazi ni majaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza na Wales: mwanamume akiteuliwa huwa Knight Bachelor, mwanamke huwa DBE. Kwa hiyo ukilinganisha wawili hao, mwanamke ana herufi na uanachama ambao mwenzake hana. Ni moja ya sehemu chache ambako mapengo ya mfumo yamemfaa mwanamke.

9. Mke wa Sir huitwaje? Na mume wa Dame?

Mke wa Sir huitwa Lady na jina la ukoo la mume. Mume wa Dame hapati kitu. Ni Bwana kama alivyokuwa.

Hapa ndipo majina mawili hushindana kwa mtu mmoja. Mume wa Agatha Christie, Max Mallowan, alipata cheo cha Sir mwaka 1968, na mwandishi huyo akawa na haki ya kuitwa Lady Mallowan. Mwaka 1971 naye akapewa DBE, akawa Dame Agatha kwa haki yake. Majina yote mawili yalikuwa halali. Usiyachanganye kuwa "Lady Agatha": Lady pamoja na jina la kwanza huashiria binti wa kabaila wa ngazi za juu, jambo ambalo hakuwa.

10. Niandike Dame na jina la kwanza au la ukoo?

La kwanza, daima. Mtafiti wa sokwe wa Gombe, Kigoma, alikuwa Dame Jane Goodall, au kwa kifupi Dame Jane. "Dame Goodall" haipo.

Maisha yake ni somo zima la mada hii. Alifika Gombe mwaka 1960 akiwa Miss Goodall. Alipoolewa mwaka 1964 na mpiga picha Hugo van Lawick, baron (kabaila) wa Uholanzi, aliandikwa Baroness Jane van Lawick-Goodall: cheo cha kupitia ndoa. Mwaka 1995 alipewa CBE, ambayo haina lakabu, kwa hiyo makala ya miaka hiyo inayomwita Dame imepotoka. Alipata DBE mwaka 2004, na kuanzia hapo tu ndipo Dame Jane.

11. Mkenya au Mtanzania anaweza kuwa Dame?

Anaweza kupewa nishani, ila kwa heshima tu, bila lakabu. Lakabu ya Dame ni ya raia wa nchi ambazo mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wa dola. Kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Madola hakutoshi. Tanganyika ilikuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1964, hivyo raia wao ni wageni kwa kanuni hii sawa na Wamarekani. Angelina Jolie alipewa DCMG ya heshima mwaka 2014. Anaandika herufi akitaka, ila si Dame Angelina.

Uraia ukibadilika, mambo hubadilika. Mpiga fidla Yehudi Menuhin alipewa KBE ya heshima mwaka 1965 akiwa raia wa kigeni. Alipochukua uraia wa Uingereza mwaka 1985 akawa Sir Yehudi. Kanuni ni ileile kwa wanawake, na kwa mwenye uraia pacha ambao mmoja wake ni wa Uingereza.

12. Je, Dame hupigwa upanga begani kama Sir?

Hapana. Mwanamume hupiga goti kwenye kigoda na kuguswa mabegani kwa upanga. Mwanamke hapigi goti wala haguswi. Hubandikwa pambo lake tu. Hata pambo lina mkao wake: mwanamume wa KBE hulining'iniza shingoni kwa utepe, na mwanamke wa DBE huweza kulivaa likiwa kwenye fundo la utepe upande wa kushoto, chini kidogo ya bega. Utepe wa nishani hii ni wa waridi wenye kingo za kijivu cha lulu. Nyota ya kifuani huvaliwa na wote.

## Nje ya Uingereza

13. Ufaransa na Japani hufanyaje?

Ufaransa ni rahisi. *Légion d'honneur*, iliyoasisiwa mwaka 1802, ina *chevalier*, *officier*, *commandeur*, *grand officier* na *grand-croix*, kwa wote, na hakuna linalotangulia jina. Mwanamke wa kwanza kuipata rasmi ni Marie-Angélique Duchemin, aliyekuwa askari, mwaka 1851.

Japani iliwatenga waziwazi. Nishani ya Jua Linalochomoza ya mwaka 1875 ilikuwa ya wanaume, na mwaka 1888 ikaundwa Nishani ya Taji la Thamani kwa wanawake pekee, yenye madaraja yaliyopewa majina ya maua na kipepeo. Mwaka 2003 mlango ukafunguliwa. Ndiyo sababu Profesa Wangari Maathai aliweza kupewa mwaka 2009 Utepe Mkuu wa Nishani ya Jua Linalochomoza. Miaka kumi kabla yake angepewa ile ya taji.

14. Nimeona "Dame of Grace" kwenye jina la mtu wa St John. Naye ni Dame?

Ni Dame ndani ya jumuiya, si nje. Jumuiya ya Mt. John, ndiyo mama wa huduma ya kwanza ya St John iliyopo pia Kenya, ina vyeo vya Dame of Justice na Dame of Grace, lakini kwa kanuni zake vyeo hivyo havimpi mtu lakabu ya kuweka mbele ya jina. Vivyo hivyo mabibi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Malta na ya Kaburi Takatifu: ni *dama* katika ibada na nyaraka za jumuiya yao tu. Muulize mhusika kabla ya kumtangaza jukwaani.

## Kwetu

15. Nishani za Kenya na Tanzania zina majina ya kike?

Hazina, ila kwa sababu tofauti. Kenya ina Nishani ya Moyo wa Dhahabu yenye ngazi za Chief (CGH), Elder (EGH) na Moran (MGH), ya Mkuki Uwakao yenye CBS, EBS na MBS kwa mpangilio uleule, na ya Shujaa Mkuu, OGW. Sasa moran, kwa Wamaasai, ni kijana wa kiume wa rika la vita. Hakuna moran wa kike. Hata hivyo mwanamke mwenye MBS ni Moran kamili, na hakuna aliyemtungia jina jingine. Wangari Maathai alikuwa Elder wa Mkuki Uwakao tangu mwaka 2003. Kwa maoni yetu Kenya imefanya kama Ufaransa: imechukua jina la askari wa kiume na kulivisha wote. Herufi huandikwa baada ya jina, na hakuna lakabu mbele.

Tanzania huhesabu madaraja kwa namba, kama Nishani ya Mwenge wa Uhuru Daraja la Kwanza au la Pili, kwa hiyo swali la jinsia halizuki. Kiswahili nacho kinasaidia: "mtunukiwa" ni mke au mume.

## Kuandika na kutamka

16. Niandikeje kwenye Kiswahili bila kukosea?

Mara ya kwanza toa jina, nishani na daraja: "Jane Goodall alitunukiwa Nishani ya Dola ya Uingereza, daraja la DBE, linalompa lakabu ya Dame." Baada ya hapo "Dame Jane" inatosha na msomaji wa mtaani hatashangaa. Usifasiri Dame kuwa Bibi: Bibi ni heshima ya kila mwanamke mzima, na maana ya cheo itapotea. Usifasiri kuwa Malkia wala Binti Mfalme, kosa lililoonekana zaidi ya mara moja.

Ana kwa ana, kwenye mazungumzo ya Kiswahili, "Mama" haimvunjii mtu heshima. Kwenye kadi ya mwaliko au utambulisho jukwaani, weka lakabu.

Vitenzi: mtu *hutunukiwa* au *huvishwa* nishani. "Kushinda nishani" ni kwa wanariadha.

17. Lakabu hurithiwa? Hufutwa?

Hairithiwi kabisa. Uanachama hukoma kwa kifo, ingawa kumtaja marehemu kwa lakabu yake ni adabu ya kawaida. Mfalme anaweza kuifuta kwa ushauri, na ikifutwa herufi na lakabu huondoka pamoja.

Mwanamke anaweza pia kuishi na lakabu iliyobadilishwa na serikali. New Zealand iliondoa Dame mwaka 2000, ikairudisha mwaka 2009 na kuwapa waliotunukiwa katikati hiari ya kuichukua. Australia iliirudisha mwaka 2014 na kuiondoa tena mwaka 2015, lakini waliokwisha kuipata hawakunyang'anywa. Ukiandika kuhusu mtu wa nchi hizo, angalia mwaka kwanza.

18. Akiwa profesa au amepewa kiti katika Bunge la Mabwana?

Profesa hutangulia: Profesa Dame Sarah Gilbert, mtaalamu wa chanjo, DBE mwaka 2021. Udaktari wa falsafa kwa kawaida hauunganishwi na Dame, chagua kimoja. Cheo cha jeshi nacho hutangulia. Akifanywa baroness, cheo cha mwanamke mwenye kiti hicho, Dame hufunikwa: huandikwa Baroness au Lady pamoja na jina la cheo, na DBE huhamia mwishoni mwa jina.